Ngiri Aliyebeba Damu ya Nyani

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, tuko macho!

Ije na nini?

Ije na kuni, moto unafifia!

Haya, aliye karibu na kuni atupie kijiti. Si wewe shangazi, wewe kaa, magoti yako na yangu ni ya umri mmoja. Mimi jamani nimetembea. Nimepika wali melini kwenye Ziwa Tanganyika, nimeuza vyungu Tunduma, nimelala stesheni ya Tabora siku tatu nikingoja treni iliyokwisha kupita. Niliondoka kwetu na nusu ya akili, nikarudi na robo. Lakini hadithi hii niliipata stesheni hapohapo, kwa bibi muuza karanga. Karanga zilikuwa mbovu, hadithi ilikuwa nzuri, nami nikahesabu kwamba nimefaidika.

Hapo zamani, zamani za babu wa babu zetu, wanyama walisema na watu wakasikiliza. Siku hizi watu tu ndio husema, na msikilizaji hakuna.

Palikuwa na mto, jina lake Kiwele. Masika ulikuwa maji, kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Upande wa macheo, kilimani penye majabali, walikaa Nyani. Upande wa machweo, bondeni penye mashimo, walikaa Ngiri. Walitazamana kila siku ya Mungu, na hawakuamkiana.

Nyani walisema, "Wale? Wale si wenzetu. Wanakula wamepiga magoti, na kwao wanaingia kinyumenyume kama wezi."

Ngiri walisema, "Wale? Wale si wenzetu. Makalio mekundu, na aibu hawana. Wanatafuta jiwe refu kuliko yote ndipo wakae, ili tuyaone vizuri."

Mwanzo yalikuwa maneno. Kisha, mwaka wa ukame, Ngiri mmoja akapigwa jiwe kwenye dimbwi la mwisho, akafa. Kisha Nyani mmoja akapasuliwa kwa pembe, akafa. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka nani alianza, ila kila upande ulikumbuka vizuri sana kwamba si wao.

Sasa tegeni masikio, maana kule kilimani Nyani walikuwa na sheria. Sheria ilisema: wa kwanza kumkuta mtu katika damu yake, damu hiyo ni juu yake. Ajibu yeye, na jibu lake ni mawe.

Mnashangaa? Ilitungwa siku mtemi wao wa kale alipokutwa amekufa njiani. Walimtafuta muuaji, hawakumpata. Wakamshika aliyepiga yowe. Yeye alikuwa karibu, na ni rahisi kumshika mtu aliye karibu.

Tangu siku ile Nyani wakajifunza. Ukimkuta mwenzio ameanguka, tazama mawingu. Ukimsikia analia, sema yale maneno ambayo watoto wa kule walifundishwa kabla ya kufundishwa kuparamia jabali: "Mimi sijapita hapa, wala wewe hujaniona."

Alikuwako basi Nyani mmoja, jina lake Sudi. Mke mmoja, watoto wawili, ulimi mmoja uliotosha ukoo mzima. Sudi ndiye aliyetunga ule wimbo wa kuwasimanga Ngiri, ulioimbwa kila jioni kutoka juu ya jabali:

Piga goti, Ngiri, piga goti ule,
rudi nyuma, Ngiri, mlango u kule!

Siku moja mchana, jua la utosi, Sudi akashuka mtoni kuchimba mizizi ya maji mchangani. Akachimba, akachimba, akachimba. Hakutazama nyuma. Chui akatoka kichakani, akamrukia, akamrarua paja na kumvunja mguu.

Lakini Chui alikuwa ameshiba swala wa jana. Akajipangusa mdomo, akasema, "Wewe ni chakula cha jioni. Hapa hapana mti wa kukwea, na mguu wa kukwelea huna. Nitakurudia jua likipoa." Akaenda zake kulala.

Sudi akalala palepale kwenye mchanga wa moto, damu inamtoka, jua analiona linatembea. Akaanza kuimba, maana kuimba ndiyo kazi aliyoijua:

Ewe mpita njia, nishike mkono,
Chui kaahidi, jua likipoa!

Akatokea Mzee Lugembe, mwombea mvua wa kilimani. Ndevu nyeupe, kibuyu mkononi, anatembea polepole kwa sababu ya utukufu. Ndiye aliyemwombea Sudi baraka siku ya kuzaliwa, na ndiye aliyemwozesha.

"Baba Lugembe! Baba, nishike mkono!"

Mzee Lugembe akasimama. Akaitazama damu. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akatazama mawingu. Mawingu hayakuwapo.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sijapita hapa, wala wewe hujaniona." Akavuka upande wa pili wa mto, na ule utukufu akausahau, maana alikwenda mbio.

Jua likasogea. Sudi akaimba tena.

Akatokea Kapela, mkuu wa walinzi, mwenye mabega kama milango miwili. Huyo alikuwa kaka wa mke wake.

"Shemeji! Shemeji Kapela, ni mimi!"

"Usiniite shemeji kwa sauti."

"Nikuiteje basi?"

"Usiniite. Nani amekuona?"

"Hakuna. Wewe wa kwanza."

Hapo, jamani, Sudi alikosea. Alidhani anambembeleza, kumbe amemtisha. Kapela akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wa kwanza? Mimi wa kwanza? Dada yangu nitamlea, na wanao nitawalea, lakini mimi sijapita hapa, wala wewe hujaniona!" Na yale mabega kama milango yakajifungia kilimani.

Jua likasogea tena. Kivuli cha kichaka kikafika miguuni pa Sudi. Sauti ilikuwa imemkauka.

Akatokea wa tatu. Lo! Ngiri. Mama Ngiri, jina lake Nyamizi, katoka kwao kutafuta mizizi kama wengine wote, mkia juu, pua chini.

Sudi akafumba mdomo. Hakuimba.

Nyamizi akamkaribia, akamzunguka. "Mbona umenyamaza? Nimekusikia kule ukiimba mara mbili."

"Mara zile nilikuwa nawaimbia wenzangu."

"Na wenzako wako wapi?"

Sudi akageuza uso kilimani.

"Nani kakufanya hivi?"

"Chui. Atarudi jua likipoa. Pita zako, mama. Wewe ni Ngiri, mimi ni Nyani."

"Kwa Chui," akasema Nyamizi, "mimi ni nyama na wewe ni nyama. Yeye hajui makabila."

"Hunifahamu. Ule wimbo wa magoti niliutunga mimi."

"Ule?" Nyamizi akamtazama vizuri. "Kumbe ni wewe! Wanangu wanauimba. Nimewachapa, wanauimba. Wimbo mbaya, sauti yake tamu." Akapiga magoti mbele yake. "Haya, panda."

Sudi akastaajabu. "Unapiga magoti?"

"Sasa utapandaje nikisimama, na mguu wako ndio huo? Panda, mwana wa makalio mekundu, kabla sijabadili nia. Na usinishike sikio."

Sudi akapanda. Akamshika sikio. Nyamizi akakimbia.

Walipofika shimoni, akamsukuma Sudi atangulie ndani. Kisha yeye mwenyewe akageuka, akaingia kinyumenyume, akaziba mlango kwa uso wake na pembe zake. Sudi akabanwa huko nyuma, gizani, na mbele yake hakuna kingine cha kutazama ila makalio ya Ngiri. Nasikia ndipo mtunzi alipoanza kufikiri.

Jua likapoa. Chui akafuata damu, tone kwa tone, mpaka shimoni.

"Hodi! Nani humo?"

"Mwenye nyumba."

"Nani nyuma yako?"

"Mgeni wangu."

"Yule si wa kwenu. Nipe, nami sitagusa watoto wako mwaka mzima."

"Akiwa nje si wa kwetu. Akiwa ndani ni mgeni wangu."

Chui akatia mkono wa kulia, akachomwa. Akatia mkono wa kushoto, akachomwa. Akatia kichwa chenyewe, na pembe ya Nyamizi ikamchana pua mpaka penye jicho. Akaondoka anapiga chafya za damu.

Mle ndani Sudi akasema taratibu, "Mama Nyamizi."

"Naam."

"Kumbe mnaingia kinyumenyume ili mtazame mlango."

"Ulidhani kwa nini?"

"Nilidhani ni ujinga."

"Ungeuliza," akasema Nyamizi. "Lakini mtu akiuliza, wimbo anaupata wapi?"

Asubuhi balaa jingine. Mama mkwe wa Nyamizi, Bibi Holo, alikuja kuamkia wajukuu, akamkuta Nyani.

"Nyamizi! Hiki nini?"

"Mgonjwa, mama."

"Nina macho, naona ni mgonjwa. Nauliza ni nini!"

"Ni Nyani, mama."

Bibi Holo akaketi chini. "Mume wangu aliuawa kwa jiwe la hawa. Na wewe unamlisha viazi vyangu?"

Bibi Holo akatoka.

Siku ya kwanza akapita mlangoni, hakuingia. Siku ya pili akapita, hakuingia. Siku ya tatu akaingia, akautazama mguu, akasema, "Huyu aliyefunga mguu huu ni mjinga. Tope halibandikwi hivi." Akalibandua, akatafuna mizizi kwa meno yake machache, akaibandika. Anabandika na machozi yanamtoka. "Usidhani nimesamehe," akasema. "Sipendi tu kazi iliyofanywa ovyo."

Siku saba, na saba, na saba. Jeraha likafunga. Mguu ukaunga, lakini ukaunga upande. Nyamizi akasema, "Sasa nikupeleke kwenu. Mkeo anadhani wewe ni maiti."

"Usinipeleke."

"Kwa nini?"

Sudi akamweleza ile sheria. Nyamizi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sheria gani hiyo?"

"Ndiyo yetu. Watakuuliza, na ukijibu wanakuua. Niache mtoni, nitatambaa."

"Utatambaa mpaka lini? Chui hajafa, amekatwa pua tu." Akawaza. Akawatazama wanawe waliolala. Akamwambia Bibi Holo, "Mama, jua likizama sijarudi, hawa ni wako." Bibi Holo akafungua mdomo kumkataza, akaufunga. Nyamizi akapiga magoti. "Panda. Na sikio uliache."

Wakavuka Kiwele. Walinzi wa Nyani walipoona Ngiri anapanda kilima, wakabweka. Walipomwona aliyebebwa, wakanyamaza. Mkewe Sudi akapiga kigelegele, kisha akakikata katikati, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

Mtemi Ndaki akatoka, mzee mnene mwenye sauti nyembamba. "Sudi, una damu?"

"Nilikuwa nayo nyingi, Mtemi. Imebaki kidogo."

"Nani alikukuta katika damu yako?"

Kabla Sudi hajatunga jibu, Nyamizi akasema, "Mimi nilimkuta."

Hapo kilima kizima kikatetemeka. Kwa maana katika nchi ile, tangu sheria ilipotungwa, hakuna aliyewahi kusema maneno hayo kwa hiari yake. Mtemi mwenyewe akasahau kinachofuata, ikabidi anong'onezwe.

"Basi damu ni juu yako," akasema.

"Ni Chui, Mtemi!" Sudi akalia. "Chui ndiye aliyenirarua!"

"Chui tukimwita haji," akasema Mtemi Ndaki. "Huyu amekuja. Inueni mawe."

Mawe yakainuliwa. Nyamizi akajaribu asionekane anaogopa, lakini mkia wake ulisimama wima kabisa.

"Ngojeni!" akasema Sudi. "Sheria inamtaka wa kwanza. Huyu alikuwa wa tatu."

"Wa kwanza ni nani?" akauliza Mtemi.

Sudi akaangalia umati. Akamwona Mzee Lugembe ameshika kibuyu. Akamwona shemeji yake Kapela ameshika jiwe kubwa kuliko ya wote. Akitaja jina, Nyamizi anapona na mwingine anakufa. Akinyamaza, Nyamizi anakufa. Ule ulimi wa ukoo mzima ukagoma. Alitazama chini tu, akawa analia.

"Ukikosa jina, hakuna wa kwanza ila huyu," akasema Mtemi. "Nikihesabu tatu, tupeni. Moja."

Mawe yakapanda juu zaidi.

"Mbili."

Kibuyu cha Mzee Lugembe kikaanguka, kikapasuka. Mzee akasogea mbele.

"Mimi," akasema. "Mimi nilipita pale, na yeye aliniona. Aliniita baba."

Akaenda akasimama kando ya Ngiri. Hapakuwa na utukufu tena, alikuwa mzee tu mwenye ndevu.

Kapela akatazama jiwe lake. Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. "Na mimi nilipita. Aliniita shemeji, nikamkataza kuniita." Akaenda akasimama hapo.

Ndipo Nyani mmoja mwanamke akasema kutoka nyuma kabisa, "Mimi nilipita siku aliyoanguka Mwanaidi wa hapahapa kilimani. Alikuwa bado anapumua." Akasogea. Mwingine akasema, "Mimi nilimpita mjomba." Mwingine akasema, "Mimi nilimpita mwanangu, nikajiambia simjui." Wakatoka mmoja mmoja, kama mvua inavyoanza, na kila aliyetoka aliacha jiwe nyuma yake. Upande wa Ngiri ukajaa. Upande wa mawe ukabaki na mawe.

Mtemi Ndaki akabaki peke yake, jiwe mkononi, anatazama kilima kizima kilichosimama na mshtakiwa. Mwishowe akasema kwa ile sauti nyembamba, "Mimi nilimpita ndugu yangu. Ndiyo maana nikawa mtemi." Akatupa jiwe bondeni, na sheria ikaenda nalo.

Wakamwuliza Nyamizi, "Mama, tukupe nini?"

"Sitaki kitu. Nataka ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kusema mbele yenu nyote kwamba huyu Sudi nyuma yake ni kama papai lililogawanywa na mtoto mwenye njaa, na asinikasirikie. Naye aje kwetu, mbele ya mama mkwe wangu, aniimbe magoti yangu apendavyo, nami nisimkasirikie. Lakini kuwe na mpaka. Asiyekuwa tayari kunibeba, asinitanie. Anayetaka kucheka magoti yangu, siku nikianguka awe wa kwanza kunikuta, na aseme ni yeye."

Nyani wakatazamana. Mmoja akacheka. Kisha wote.

Hivyo ndivyo Nyani na Ngiri walivyokuwa watani. Msinielewe vibaya, hawakupendana siku moja. Wako Ngiri walioendelea kurusha tope, na wako Nyani waliokataa kushuka mtoni mpaka leo. Bibi Holo hakusema neno samahani mpaka alipokufa. Lakini alipokufa, waliochimba kaburi lake walikuwa Nyani. Walichimba wakimtukana, jinsi alivyokuwa na meno matatu na maneno elfu, na walilia kuliko wenye msiba.

Mnaosali mtakuwa mmeshautambua ukoo wa hadithi hii. Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana Yesu, jirani yangu ni nani, naye akajibiwa kwa habari ya mtu aliyelala njiani na mgeni asiyependwa aliyemwinua. Yule mwanasheria alitaka orodha: huyu jirani, yule siye. Na sisi tunazo orodha zetu. Kuna kilima chetu na mashimo yao. Kuna chama chetu na chama chao, dini yetu na dini yao, na kabila lenye majina ambayo tukiyasikia tu tunatazama mawingu. Funzo la bibi wa karanga ni hili: jirani hahesabiwi, jirani anabebwa. Na aliyekubeba, mruhusu akucheke.

Mimi watani wangu ninao, na wananipenda mno. Mwaka jana niliugua, wakaja kunitazama, sita kwa pamoja. Hawakuniuliza naumwa nini. Walileta kamba, wakanipima tumbo kwa upana, wakaambiana, "Tuanze kuchimba mapema, hili si kaburi la siku moja." Nikacheka mpaka homa ikaona aibu ikaondoka. Kisha wakanibeba mpaka zahanati, maili nne, wakipokezana na kunilaani njia nzima.

Hadithi yangu imechoka, inataka kulala. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda naye aibebe, ila asiishike sikio.